Ripoti ya maabara

Ripoti ya maabara ni maandishi yanayoeleza jaribio la kisayansi jinsi lilivyofanyika: lilikuwa na lengo gani, lilitumia vifaa gani, lilipitia hatua zipi, nini kilionekana au kupimwa, na matokeo hayo yana maana gani. Huandikwa na wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo, na pia na wataalamu wa hospitali, viwanda, taasisi za utafiti na maabara za serikali. Ripoti ya mwanafunzi wa kidato cha pili inaweza kuwa ya ukurasa mmoja na ya mtafiti ikafika kurasa ishirini, lakini zote mbili hupimwa kwa swali lile lile: je, mtu ambaye hakuwapo anaweza kulirudia jaribio kwa kusoma karatasi hii peke yake, na kujua kilichoonekana kweli?

Ripoti ya maabara si insha juu ya mada ya kisayansi, wala si marudio ya maelezo ya kitabu. Kitabu hueleza kinachotazamiwa kutokea. Ripoti hueleza kilichotokea siku fulani, mahali fulani, kwa vifaa vilivyokuwapo.

Chimbuko

Desturi ya kuandika majaribio kwa undani ni ya zamani. Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo na kufariki karibu na mwaka 1040, alieleza vifaa vyake vya kuchunguza mwanga kwa kirefu kiasi kwamba msomaji angeweza kuvitengeneza mwenyewe. Mwaka 1660 Robert Boyle wa Uingereza alichapisha maelezo ya majaribio yake ya pampu ya hewa, akiandika hata yale yaliyoshindikana. Kuanzia mwaka 1665 jarida la Royal Society ya London liliwapa wachunguzi mahali pa kupelekeana taarifa za namna hiyo. Mpangilio unaofundishwa leo, yaani utangulizi, njia, matokeo na majadiliano, ulienea katika majarida ya sayansi katika karne ya 20, na shule zikaufuata.

Sehemu za ripoti

Kila shule au chuo kina mpangilio wake, na mwanafunzi hufuata ule alioelekezwa. Hata hivyo sehemu kuu hazitofautiani sana.

Juu kabisa huandikwa jina la jaribio, tarehe, na majina ya waliolifanya. Tarehe huonekana ni jambo dogo, lakini kuna majaribio ambayo bila tarehe hayaeleweki. Maji ya kisima cha Dar es Salaam wakati wa masika si lazima yafanane na maji ya kisima hicho hicho mwezi Septemba.

Lengo huandikwa kwa sentensi moja au mbili. Lengo zuri hutaja kinachopimwa. “Kujifunza kuhusu asidi” ni maneno mapana mno, “kutafuta ukolezi wa mmumunyo wa asidi hidrokloriki kwa kutumia mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi wenye ukolezi wa 0.1 M” ni lengo linaloweza kutimizwa au kushindikana. Kama mfanyaji ana nadharia tete, yaani dhana anayotaka kuipima, huiandika hapa kabla ya kuanza. Kuiandika baada ya kuona matokeo ni sawa na kutabiri mechi iliyokwisha kuchezwa.

Vifaa hutajwa pamoja na ukubwa wake na uwezo wake wa kupima. Kutaja “kipimajoto” hakutoshi; msomaji anahitaji kujua kama kilisomeka kwa nyuzi moja moja au kwa nusu nyuzi. Sampuli nazo hutajwa kwa asili yake. Mwanafunzi anayelinganisha vitamini C katika ndimu kwa kutumia mmumunyo wa iodini na wanga aeleze kwamba ndimu zilikuwa sita, kwamba zilinunuliwa katika soko la Kariakoo kwa fungu moja asubuhi ile ile, na kama zilikuwa mbivu au changa. Mwenzake aliyetumia ndimu zilizokaa juani siku tatu akipata jibu tofauti, ni sehemu hii itakayowasaidia kuelewana.

Utaratibu huandikwa kwa wakati uliopita, kwa sababu ni habari ya kazi iliyokwisha kufanyika. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea kwa kunakili maelekezo ya kitabu: “Chukua sentimita za ujazo 25, tia matone mawili ya kiashiria.” Hiyo ni amri, na ripoti haimwamuru mtu. Huandikwa: “Sentimita za ujazo 25 za mmumunyo zilipimwa kwa pipeti, kisha matone mawili ya kiashiria yalitiwa.” Tofauti si ya sarufi tu. Mwanafunzi anayenakili amri za kitabu huandika kile alichotakiwa kufanya, hata kama siku hiyo pipeti ilikuwa imevunjika na akatumia silinda ya kupimia. Msomaji anastahili kuambiwa habari za silinda.

Matokeo

Sehemu ya matokeo ndiyo moyo wa ripoti. Huwa na vipimo kama vilivyosomwa, mara nyingi katika jedwali lenye vichwa vya safu na vizio vyake. Kizio kikikosekana, namba haina maana: 25 inaweza kuwa gramu, sekunde au nyuzi.

Kanuni ya kwanza ni kuandika kipimo pale pale kinaposomwa, katika daftari, kwa kalamu ya wino. Daftari gumu ambalo maduka ya Kariakoo huuza kwa jina la kaunta buku linafaa kuliko karatasi zilizochanwa, kwa kuwa kurasa zake hazipotei na mfuatano wake hauvurugiki. Kipimo kilichokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, na kilicho sahihi huandikwa pembeni. Hakifutwi kwa raba wala kupakwa wino mweupe. Mara kadhaa namba iliyodhaniwa kuwa kosa imeonekana baadaye kuwa ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Kanuni ya pili ni kuandika tarakimu ambazo chombo kinaweza kuzitoa, zisizidi na zisipungue. Bureti ya kawaida ya shuleni ina alama za sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo, na jicho laweza kukadiria nusu ya nafasi hiyo. Kwa hiyo 24.35 ni kipimo cha haki, 24 peke yake ni uvivu, na 24.3527 ni majivuno ya kikokotoo.

Tofauti ndogo kati ya kipimo na kipimo ni jambo la kawaida. Tone moja la bureti lina ujazo wa karibu 0.05 cm³. Mwanafunzi aliyerudia kazi mara tatu na kupata 24.30, 24.40 na 24.35 amefanya kazi nzuri, na wastani wake ni 24.35. Aliyeandika 25.00, 25.00 na 25.00 humtia shaka mwalimu yeyote aliyewahi kushika bureti, maana mkono wa binadamu haurudii tone lile lile mara tatu.

Mfano: pendulamu

Jaribio la pendulamu, yaani kibonge kilichofungwa kwenye uzi na kuachwa kibembee, hufanywa katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki kwa sababu halihitaji zaidi ya uzi, kibonge, rula na saa. Lengo lake ni kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, unaowakilishwa na herufi g. Vitabu vingi vya shule hutumia 9.8 m/s². Thamani hiyo hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali: katika usawa wa bahari Dar es Salaam ni karibu 9.78, na London ni karibu 9.81, kwa sababu ya mzunguko wa dunia na umbo lake lililobonyea kwenye ncha.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepima muda wa mibembeo 20 kwa urefu mbalimbali wa uzi na kupata vipimo hivi:

Urefu 0.20 m: sekunde 18.1
Urefu 0.40 m: sekunde 25.6
Urefu 0.60 m: sekunde 31.3
Urefu 0.80 m: sekunde 36.3
Urefu 1.00 m: sekunde 40.6

Akigawanya kila muda kwa 20 hupata muda wa mbembeo mmoja. Akiuzidisha muda huo kwa wenyewe na kuchora grafu dhidi ya urefu, nukta hukaa karibu na mstari mnyoofu wenye mteremko wa karibu 4.1. Thamani ya g hupatikana kwa kugawanya 39.5, ambayo ni mara nne ya mraba wa pai, kwa mteremko huo. Jibu ni 9.6 m/s².

Hapo ndipo kishawishi huingia. Kitabu kinasema 9.8, yeye amepata 9.6, na kuipandisha namba moja katika jedwali ni kazi ya sekunde mbili. Lakini 9.6 ni jibu lenye habari ndani yake. Limepungua kwa karibu asilimia 2, na sababu moja ya kupungua hivyo inajulikana vizuri: kibonge kilivutwa mbali mno kabla ya kuachwa. Kanuni inayotumika shuleni ni ya mibembeo midogo. Uzi ukivutwa hadi nyuzi 23 hivi, kila mbembeo huchukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 1, na g inayokokotolewa hushuka kwa asilimia 2. Mwanafunzi anayeandika hayo katika majadiliano, na kupendekeza kwamba safari nyingine uzi usivutwe zaidi ya nyuzi 10, ameelewa fizikia kuliko mwenzake aliyepata 9.8 bila kujua kwa nini.

Kuna kosa jingine ambalo walimu hulifahamu kwa sura yake. Mtoto huachia kibonge na papo hapo kuhesabu “moja”, badala ya kuanza na “sifuri”. Akifika ishirini, mibembeo iliyopita ni 19 tu. Hesabu zake humpa g ya karibu 10.9. Mwalimu akiiona namba hiyo hahitaji kuuliza mengi. Mwanafunzi akiificha, kosa linabaki naye hadi chumba cha mtihani.

Kosa la tatu huonekana kwenye grafu yenyewe. Urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya kibonge. Aliyepima hadi sehemu ya juu ya kibonge chenye kipenyo cha sentimita 2 amepunguza kila urefu kwa sentimita 1. Mteremko haubadiliki, kwa hiyo g yake iko sawa, ila mstari wake haupiti kwenye sifuri. Hukata mhimili wa wima juu kidogo, karibu na 0.04. Wanafunzi wengi huulazimisha mstari upite sifuri kwa kuwa wameambiwa “lazima upite”, na hapo huharibu mteremko ambao ulikuwa mzuri.

Majadiliano na hitimisho

Majadiliano hueleza maana ya matokeo, huyalinganisha na yanayojulikana, na hutaja vyanzo vya makosa. Sentensi kama “huenda kulikuwa na makosa ya kibinadamu” haimsaidii mtu. Kosa litajwe kwa jina na, inapowezekana, ielezwe kama liliongeza jibu au lilipunguza, na kwa kiasi gani. Hitimisho hujibu lengo na kuishia hapo. Halileti habari mpya.

Kupika matokeo

Kubuni au kubadilisha vipimo ili vifanane na jibu linalotazamiwa huitwa na wanafunzi “kupika”. Hufanyika katika shule nyingi duniani, na chanzo chake mara nyingi si uovu wa mtoto. Kama alama hutolewa kwa kukaribia jibu la kitabu, mtoto mwenye akili ataanzia kwenye jibu na kurudi nyuma mpaka kwenye vipimo. Kama kuna bureti mbili kwa wanafunzi 60, wengi wao watanakili kutoka kwa walioipata. Ripoti zote hufanana, hata kwa makosa ya tahajia.

Hasara yake ni kubwa kuliko alama. Aliyezoea kupika huacha kutazama. Huingia maabara akijua atakachokiona, na jambo jipya likitokea mbele ya macho yake hulisahihisha.

Kisa cha Mpemba

Mfano maarufu zaidi wa jambo hilo ulitokea Tanzania, wakati huo Tanganyika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, katika milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi katika friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye mjini Tanga rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, ili ugande upesi. Mpemba alipoendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena wakati wa somo la kanuni ya Newton ya kupoa. Safari hii alichekwa, na kosa lolote alilofanya darasani likawa linapachikwa jina lake. Hakuacha. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye chumba cha barafu cha friji. Alipozitazama baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile iliyoanza na maji ya moto.

Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (chuo kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwenye ukingo wa Kariakoo, na kuhamia Mlimani mwaka 1964), alitembelea Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba alimuuliza swali lile lile mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi sanifu wa maabara afanye jaribio. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na kwamba wangeendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Osborne aliieleza habari hiyo baadaye mwenyewe, na ni vigumu kupata picha bora ya kishawishi cha kupika matokeo. Sifa ya fundi huyo ni kwamba, kabla ya kuahidi kulirekebisha, aliripoti alichokiona.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala fupi ya pamoja katika jarida la Physics Education. Sehemu ya Osborne inaonyesha ripoti inavyopaswa kuwa. Inasema kwamba sampuli za maji za sentimita za ujazo 70 ziliwekwa katika bika za 100 ndani ya chumba cha barafu cha friji ya nyumbani, juu ya kipande cha povu la plastiki, ili joto lisitoroke kupitia chini. Inasema muda wa kuanza kuganda ulikuwa mrefu zaidi kwa maji yaliyoanza na nyuzi 25 za Selsiasi, na mfupi zaidi sana kwa yaliyoanza karibu na nyuzi 90. Inataja pia maelezo yaliyochunguzwa na kukataliwa, kama vile kupungua kwa maji kutokana na uvukizi.

Kwa kuwa maelezo hayo yapo, wengine waliweza kubishana nayo. Mwaka 2012 shirika la wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, lilitangaza shindano la kueleza jambo hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokelewa. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo vya kupoa kwa maji na kusema kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha kwamba kubadilisha kimo cha kipimajoto ndani ya chombo kwa karibu sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na athari ya Mpemba. Wengine bado wanaitetea. Ubishi huo, ambao haujaisha, unasimama juu ya jambo ambalo mwanafunzi huliona la kuchosha: kuandika kipimajoto kilikaa wapi.

Mpemba mwenyewe alisomea utunzaji wa wanyamapori na kufanya kazi katika fani hiyo.

Lugha ya ripoti

Katika shule za sekondari za Tanzania masomo ya sayansi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ingawa walimu wengi hulazimika kufafanua kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayefikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine hushika sentensi za kukariri, na ripoti yake husomeka kama ya mtu mwingine. Njia inayosaidia ni kuandika maelezo ya awali katika daftari kwa lugha anayoimudu, jaribio likiwa bado mbele yake, kisha kuyatafsiri. Maneno “rangi ikageuka ghafla kwa tone moja” yaliyoandikwa papo hapo yana thamani kuliko sentensi safi ya Kiingereza iliyotungwa jioni.

Anayeandika kwa Kiswahili naye ana mitego yake. Neno joto la kila siku hubeba mambo mawili ambayo sayansi huyatenga: nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, na kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Hilo la pili huitwa halijoto. Birika na kikombe vyenye maji ya nyuzi 80 vina halijoto moja, lakini birika linalobeba maji mengi zaidi litatoa joto jingi zaidi likipoa. Kadhalika uzito wa sokoni, unaotajwa kwa kilo, katika fizikia ni tungamo. Uzito wenyewe ni kani na kizio chake ni nyutoni. Neno nguvu ndilo la hatari kuliko yote, kwani mtaani hutumika kwa kani, kwa nishati na kwa uwezo wa mashine bila kubagua. Ripoti huchagua neno moja kwa jambo moja na kulishikilia hadi mwisho.

Katika shule za Tanzania

Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya Tanzania Bara kujitoa mwaka 1971 katika baraza la mitihani la Afrika ya Mashariki. Mitihani ya kidato cha nne ya fizikia, kemia na biolojia ina sehemu ya vitendo. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara zilifanya mtihani mbadala wa maandishi, ambamo mtahiniwa alipewa vipimo vilivyokwisha kufanywa na kuvitumia katika hesabu. Mtu angeweza kufaulu kemia bila kushika bureti hata mara moja.

Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi kuanzia mwaka 2004, upungufu wa maabara ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, ndani ya miaka miwili. Muda huo baadaye uliongezwa. Shule kongwe za katikati ya Dar es Salaam, kama Azania, Jangwani, Tambaza na Zanaki, zimekuwa na vyumba vya maabara kwa muda mrefu. Chumba peke yake hakitoshi bila kemikali, maji na fundi sanifu, na hata penye vyote hivyo, darasa la wanafunzi wengi hugawanywa katika vikundi ambamo mmoja hufanya na wengine huandika. Ripoti ya kikundi inapaswa kutaja nani alipima na nani aliandika. Ni vizuri zamu zibadilishwe.

Nje ya shule

Katika Barabara ya Barack Obama, iliyoitwa Ocean Road hadi mwaka 2013, kando ya bahari na si mbali na mlango wa bandari ya Dar es Salaam, ipo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kazi zake ni pamoja na kuchunguza kemikali, sumu, vinasaba na dawa zinazodhaniwa kuwa za kulevya. Ripoti inayotoka huko ina sehemu zile zile anazojifunza mwanafunzi: sampuli gani ilipokelewa, lini, kutoka kwa nani, ilichunguzwa kwa njia gani, nini kilionekana, na nani ametia sahihi. Lakini ripoti hiyo yaweza kumfunga mtu au kumwachia huru.

Kwa sababu hiyo mahakama hazisomi matokeo peke yake. Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza umuhimu wa mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, yaani kumbukumbu za maandishi zilizopangwa kwa mfuatano wa wakati, zinazoonyesha jinsi kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa kutoka mkono hadi mkono na kilivyochunguzwa. Uamuzi huo umetajwa mara nyingi tangu hapo, hasa katika kesi za dawa za kulevya. Pale ambapo kumbukumbu zilikatika, kwa mfano bahasha haikuandikwa namba au hakuna anayeweza kusema ilikaa kwa nani kati ya siku moja na nyingine, washitakiwa wameachiwa ingawa ripoti ya maabara ilikuwa na jibu la wazi. Baadaye mahakama ilieleza pia kwamba kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kwa urahisi, ushahidi wa mdomo wa walioshika kielelezo waweza kutosha. Unga mweupe ndani ya mfuko wa plastiki ni rahisi kubadilishwa, na kwa kitu cha namna hiyo tarehe, namba na sahihi zilizoandikwa kwa wakati wake huhesabiwa pamoja na uchunguzi wenyewe.